Asiyefunzwa na Mamaye: Nani Amemsikiliza Mama wa Kaaga?

Methali isemayo "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" haikosi kutajwa katika mikutano ya wazazi nchini Kenya. Mwalimu mkuu huitaja matokeo ya mtihani yanapokuwa mabaya, chifu huitaja vijana wanapochoma bweni, na mhubiri huitaja msichana anapopata mimba. Wanaoisikiliza kwenye viti vya plastiki aghalabu ni akina mama, kwani baba ama yuko kazini, ama ameshughulika na miraa, ama ameamua kuwa mkutano wa shule si jambo linalomhusu. Methali hii imempa mama cheo cha mwalimu wa kwanza, na papo hapo ikamtwika lawama ya mwisho. Linaloshangaza ni kwamba mwalimu huyu wa kwanza ni nadra kuulizwa, kwa utulivu na kwa lugha anayoimudu, anafundisha nini, anafundisha vipi, na ualimu huo unamgharimu kiasi gani.

Kaaga, kandokando ya mji wa Meru, ni mahali pafaapo sana kuliulizia swali hilo. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Meru mwaka wa 1912 na Kaaga ikawa kituo chao. Kuanzia hapo jina la mahali hapo limefungamana na elimu. Leo ipo Shule ya Upili ya Wasichana ya Kaaga, ipo ya Wavulana, na kipo Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1997 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2006. Ukiongeza Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Chuka, vyote viwili vikiwa vilipata hati mwaka wa 2013, kisha Chuo Kikuu cha Embu kilichopata yake mwaka wa 2016, utaona kuwa ukanda wa mashariki ya Mlima Kenya haukosi watafiti. Wanafunzi wa shahada za uzamili katika elimu, sosholojia, uuguzi na maendeleo ya jamii humiminika vijijini kila mwaka na hojaji zao mikononi. Mama wa eneo hili amehojiwa mara nyingi. Kuhojiwa, hata hivyo, si sawa na kusikilizwa.

Chukua hojaji ya kawaida. Kuna kisanduku cha "kiwango cha elimu cha mama": hakusoma, shule ya msingi, sekondari, chuo. Kuna kisanduku cha "kazi ya mama", na mara nyingi mama huyu hujiandika, au huandikwa na msaidizi wa utafiti, kuwa "mama wa nyumbani" au "mkulima mdogo". Alama ya vema inatiwa na karatasi inafunikwa. Hakuna kisanduku cha mama aliyekama ng'ombe kabla ya alfajiri ili maziwa yawahi gari la chama cha ushirika, akawatayarisha watoto watatu, akabeba ndizi hadi soko la Gakoromone, na jioni akakalia kigoda jikoni akimsikiliza mtoto akisoma kitabu cha Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma, ila anajua kwa sauti tu mtoto anapobabaika. Mama huyo anafundisha. Kisanduku kimeandika "hakusoma".

Haisemwi hapa kwamba takwimu hazina maana. Mfano bora wa faida yake unapatikana huko huko Embu. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000 watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za msingi za eneo la Kyeni Kusini, ambapo baadhi ya watoto walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Matokeo yalionyesha kuwa watoto waliokula nyama walipiga hatua kuliko wenzao katika majaribio fulani ya kufikiri. Hayo ni maarifa yenye uzito, na hayangepatikana kwa kukaa na kupiga gumzo. Lakini jaribio kama hilo linapokwisha, sufuria ya shule inarudishwa stoo na chakula cha mtoto kinarudi mikononi mwa mama. Anaamua vipi nani ale yai na nani asile? Pesa za maziwa zinapotoka kwenye ushirika zikiwa kwa jina la mume, anazifikia kwa njia gani? Maswali haya yanadai mbinu nyingine.

Mbinu hiyo ndiyo inayoitwa utafiti wa kimaelezo wa kifeministi. Jina ni refu, nalo limewatisha wengi, hasa neno la mwisho ambalo bado baadhi ya wahadhiri hulitamka kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Msingi wake ni rahisi. Kwanza, tajiriba ya mwanamke ni chemchemi ya maarifa na haihitaji kuthibitishwa kwanza na mwanamume. Pili, anayeuliza na anayeulizwa hawako sawa, na utafiti mwaminifu haufichi jambo hilo. Ann Oakley, mwanasosholojia wa Uingereza, katika makala yake ya mwaka wa 1981 kuhusu kuwahoji wanawake, alipinga desturi ya mtafiti kumkamua mhojiwa kama ng'ombe bila kumpa kitu. Yeye aliwahoji wanawake waliokuwa wanatarajia kujifungua, nao walipomuuliza maswali aliona kuwa kukataa kuwajibu kwa kisingizio cha sayansi kungekuwa ni ukosefu wa utu.

Kazi inayohusu mada hii moja kwa moja zaidi ni *Mothering for Schooling* ya Alison Griffith na Dorothy Smith, iliyochapishwa mwaka wa 2005. Wanawake hawa wawili, ambao wenyewe waliwahi kulea bila waume, waliwahoji akina mama nchini Kanada kuhusu yale wanayoyafanya kila siku kwa ajili ya masomo ya watoto wao. Hoja yao kuu ni nzito: shule, pamoja na ratiba zake na viwango vyake, imejengwa juu ya kazi ya mama isiyolipwa wala kutajwa. Mtoto anayefika darasani kwa wakati, ameshiba, amevaa safi na amemaliza zoezi ni matokeo ya kazi iliyofanywa na mtu. Mama anapokosa muda au pesa za kuifanya kazi hiyo, shule haisemi kwamba imekosa mfanyakazi. Husema kwamba mtoto ana "matatizo ya nyumbani".

Mkenya hahitaji kwenda Kanada kuyathibitisha haya. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kikamilifu katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, wazazi walitakiwa washiriki katika masomo ya watoto wao. Neno lililotumiwa lilikuwa "mzazi", neno zuri la Kiswahili lisilobagua jinsia. Ni katika maneno kama haya ambapo lugha inaweza kuuficha ukweli kwa adabu. Fomu ilipohitaji sahihi ya mwenye boma, "mzazi" alikuwa baba. Ilipohitajika picha ichapishwe kwenye saiba saa moja usiku, karatasi ya manila inunuliwe, au mdoli wa matambara ushonwe kabla ya asubuhi, "mzazi" akawa mama. Malalamiko yalienea hata yakafika Mahakama Kuu mwezi Septemba 2021, pale wakili Esther Ang'awa, akiwa ni mzazi, alipowasilisha ombi la kuupinga mtaala huo. Mjadala uliofuata ulihusu gharama, vitabu na uhalali wa kisheria. Swali la nani hasa ndani ya nyumba anayeifanya kazi hiyo halikupewa nafasi kubwa, ingawa lilikuwa likijibiwa kila jioni jikoni.

Hata sera nzuri zina upande huu usioonekana. Tangu mwaka wa 1994 serikali ya Kenya imekuwa na mwongozo unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo huo ukafanyiwa marekebisho mwaka wa 2020. Hakuna mpenda haki atakayeupinga. Ila msichana anaporudi bwenini, mtoto mchanga anabaki na nani? Anabaki na nyanya yake, ambaye yamkini hajafika miaka 45, ana watoto wengine shuleni, na sasa analazimika kununua maziwa ya mtoto juu ya karo. Sera ya kitaifa imetua mgongoni mwa mwanamke mmoja ambaye hakuna waraka uliomtaja. Hapo ndipo mtafiti wa kimaelezo anapotakiwa aweke kituo.

Sasa, ni rahisi kuusifu utafiti unaomsikiliza mama pindi mama anaposema yanayopendeza. Mtihani unakuja anaposema yasiyopendeza, na historia ya Meru ina mtihani huo waziwazi. Mwezi Aprili 1956, katika kipindi cha Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya nzima ya Meru. Walioketi kuamua walikuwa wanaume, wakishawishiwa na watawala wa kikoloni. Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi. Wasichana walinunua nyembe, wakaingia vichakani na kukeketana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu hivi iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake wazima, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo.

Habari hizi zinajulikana kwa kina kwa sababu mwanahistoria Lynn Thomas alikuja Meru katika miaka ya tisini na, akisaidiwa na wasaidizi wenyeji, akaketi na wanawake waliokuwa wasichana wakati huo. Kitabu chake, *Politics of the Womb*, kilitoka mwaka wa 2003. Faili za mkuu wa wilaya zingetosha kumpa idadi ya faini. Zisingempa sababu. Katika simulizi za wanawake hao inabainika kuwa tohara ilikuwa darasa na cheti kwa wakati mmoja. Bila hiyo, msichana angebaki mtoto machoni pa wenzake, na mama yake naye angekosa hadhi aliyoipata mwanamke kwa kumvusha mwanawe kwenye utu uzima. Baraza la wanawake ndilo lililosimamia mafunzo hayo. Amri ya wazee ililivunja darasa bila kuleta jingine, tena bila kumuuliza mwalimu.

Ufeministi wa mtu anayesoma vitabu tu hutatizika hapa. Ukeketaji ni madhara kwa mwili wa mtoto. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 imeuharamisha, na ni haki iwe hivyo. Lakini wasichana wa Ngaitana hawakuwa watu wasio na utashi, na mama zao hawakuwa wakatili. Mtafiti anayekwenda nyanjani akiwa tayari ameshaamua mama aseme nini atarudi na mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Anayevumilia kusikia lisilompendeza hurudi na kitu kinachoweza kutumika. Ushahidi upo. Miaka 40 baada ya marufuku ile, yaani mwaka wa 1996, huko Tharaka ilifanyika sherehe ya kwanza ya Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno, ambapo wasichana walitengwa, wakafunzwa na kusherehekewa bila kukatwa. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lililoiendesha lilikuwa limetangulia kufanya utafiti katika wilaya kadhaa, Meru ikiwa mojawapo, na kuwasikiliza wanawake wenyewe wakieleza thamani ya sherehe ile kwao. Wazee wa 1956 waliliona kosa wakakosa kuliona darasa. Waliosikiliza waliviona vyote viwili. Kama mbinu hiyo imefaulu kila mahali ni suala jingine, nalo linajadiliwa bado. Linalohusu hapa ni kwamba ilitokana na kuuliza.

Lipo tukio lingine la Meru ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawalizungumzii vya kutosha. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu mjini Meru ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa kwa niaba ya watoto wa kike waliokuwa wamenajisiwa, kesi ambazo polisi hawakuzichunguza ipasavyo. Shirika la Ripples International, lenye makao ya hifadhi huko Meru, lilishirikiana na mawakili wa Kenya na Kanada kukusanya masimulizi ya watoto hao, moja baada ya jingine. Jaji aliamua kuwa uzembe wa polisi ulikiuka haki za kikatiba za watoto. Masimulizi yale yalikuwa maelezo ya watoto kuhusu yaliyowapata, yakikusanywa na watu wenye subira, na yakaiwajibisha dola. Atakayesema kwamba utafiti wa kimaelezo ni porojo zisizopimika na akumbuke mahakama ile.

Na sheria inayotungwa bila masimulizi ya aina hiyo huwaje? Mwaka wa 1959 ilipitishwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili alipe matunzo. Mwaka wa 1969 Bunge likaifuta. Katika mjadala wake wabunge walikuwa wanaume watupu; mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni, Grace Onyango, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Hivyo kwa miongo kadhaa karo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ikawa, kwa jumla, mzigo wa mama. Hata Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilianza kwa kumpa mama peke yake jukumu hilo pale wazazi walipokuwa hawajaoana. Ni Katiba ya 2010 iliyotamka kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba, wawe wameoana ama hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata mkondo huo. Miaka 41 kutoka ule ufutaji hadi Katiba. Watoto wangapi wa Kaaga, wa Chogoria au wa Runyenjes walikatiza masomo katika muda huo hakuna orodha inayosema; mama zao wanaweza kusema, na wengi wao wamekwisha kuwa wazee.

Hapa ndipo suala hili linapoufikia mlango wa idara za Kiswahili, ingawa idara hizo hazilipokei kama mgeni wao. Rafu za maktaba zimejaa tasnifu kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya fulani au nafasi ya mhusika wa kike katika tamthilia fulani. Sura ya pili ya tasnifu hizo huwa na maelezo ya nadharia ya ufeministi, mihimili yake ikiorodheshwa. Sura ya nne humpata mwanamke akiwa amekandamizwa. Sura ya tano hupendekeza utafiti zaidi. Kazi nzuri zimetoka humo, na tamthilia kama *Mama Ee* ya Ari Katini Mwachofi au *Nguzo Mama* ya Penina Muhando zinastahili kila uchambuzi zilioupata. Lakini inawezekana mwanafunzi akaandika kurasa 120 kuhusu mama bila kuzungumza na mama hata mmoja, naye akahitimu kwa sifa.

Wakati huo huo, wanaokwenda kuzungumza na akina mama ni wenzao wa idara nyingine, ambao hawakufunzwa kusikiliza masimulizi. Mahojiano yanafanywa kwa Kimeru au Kiembu, msaidizi anayaandika kwa Kiswahili cha haraka, na tasnifu inatoka kwa Kiingereza. Kila daraja lina ushuru wake. Mama anapotumia fumbo, methali au kimya, na kimya cha mwanamke wa Meru mbele ya mgeni kina sarufi yake, msaidizi huandika "hakujibu". Mama anaposema kwamba amewalea watoto wake, Kiingereza kitataka kujua kama aliwazaa, aliwalisha, aliwaadibu ama aliwagharimia. Kiswahili hakina haja ya kuuliza, kwa kuwa kitenzi "kulea" kinayabeba yote. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amefunzwa kuyanasa hayo: nani anasimulia, mbele ya hadhira gani, kwa toni ipi, anarudia nini na anaruka nini. Ciarunji Chesaina alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1997 kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere kwamba utajiri wa eneo hili unakusanyika kwa mtu aliye tayari kuufuata. Simulizi ya mama kuhusu jinsi alivyomsomesha mwanawe ni utanzu kamili, una mianzo yake na vilele vyake, na yeyote aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kumshukuru Mungu baada ya mahafali anaujua.

Kielelezo kipo tayari, tena katika lugha yenyewe. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1989. Hawakuishia hapo; mwaka wa 1991 ilitoka *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, yenye maneno kwa lugha yaliyotamkiwa. Mjukuu wa mhojiwa aliweza kukifungua akamsikia bibi yake. Karibu zaidi na Embu, Jean Davison aliyeandika *Voices from Mutira* kuhusu wanawake wa Kirinyaga mwaka wa 1989 alirudi, na mwaka wa 1996 akatoa toleo lililoyafuata maisha yao hadi 1995. Kurudi huko ni nadra, nako ni sehemu ya maadili ya utafiti kuliko fomu yoyote ya idhini.

Pingamizi zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama wa Kaaga, hasa aliye mzee. Ni kweli, wala jambo hilo halifai kufunikwa kwa mapenzi ya lugha ya taifa. Jibu lake ni kuchapisha Kimeru na Kiswahili ubavu kwa ubavu, jambo ambalo idara ya Kiswahili inaweza kulifanya kuliko idara yoyote nyingine. Ya pili hutoka kwa wasimamizi: sampuli ya wanawake saba ni ndogo mno. Ajabu ni kwamba msimamizi huyo huyo huidhinisha tasnifu yenye sampuli ya riwaya mbili.

Ya tatu ina uzito zaidi, nayo ni suala la majina. Kanuni za maadili hudai majina yafichwe, na kwa watoto wa kesi ile ya 2013 herufi za mwanzo tu ndizo zilizostahili kutumika. Je, mama mtu mzima anayesimulia alivyouza kahawa, akanyang'anywa malipo, akaanza upya kwa chama cha wanawake kumi, naye afichwe? Eneo hili mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Kawira, Mama Mwenda. Jina hilo ni nafasi yake katika jamii na ndilo cheti pekee cha ualimu wake. Kulifuta na kumwita "Mhojiwa wa 4" ni kumlinda, naam, lakini vilevile ni kumrudisha kwenye kile kisanduku. Tena katika kijiji ambamo kila mtu anajua ni nani aliyesomesha mabinti wanne kwa pesa za ndizi, namba hiyo haifichi kitu. Wanawake wa Mombasa walitajwa kwa majina yao kamili. Wapo watakaotaka hivyo na wapo watakaokataa, na mwenye kuamua ni mwenye jina, baada ya kuelezwa kwa Kimeru cha wazi kitabu kitakwenda wapi na nani atakisoma.

Yapo pia mambo madogo ambayo vitabu vya mbinu za utafiti havina habari nayo. Saa nne asubuhi, saa anayoipenda mtafiti, mama yuko sokoni. Jumapili yuko kanisani, na baada ya ibada kuna kikundi cha akina mama. Saa yake ya kuzungumza ni ile ya kuchambua maharagwe au kumenya ndizi za jioni, na mtafiti atakayefika saa hiyo atapewa kisu ashike zamu. Kinasa sauti kitaunasa moshi, kelele za watoto na redio ya jirani. Unukuzi utakuwa mgumu. Na rekodi hizo, zikishanukuliwa, zisiondoke kwenda Nairobi zikapotelea kwenye kabati la msimamizi. Nakala moja iwekwe kwenye maktaba ya chuo kilichoko Kaaga penyewe, na nyingine apewe mwenye sauti.